Tulijaza fomu ya maoni mtandaoni na hatukujibiwa: je, huo ndio ushirikishwaji wa wananchi?

Katibu wa Timbwani aliuliza:

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi katika wadi ya Timbwani, Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mwaka jana ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa sababu nia yangu si kuikashifu, ilitoa tangazo la kuwataka wananchi watoe maoni kuhusu mpango wa mitaro ya maji ya mvua na taa za barabarani. Zamani tangazo la namna hiyo lingetuita mkutanoni kisiwani saa tatu asubuhi, na aliyetaka kusikika angelazimika kupanda kivuko, kupoteza kibarua cha siku hiyo, kisha kukaa akingoja zamu ya kusema mpaka adhuhuri. Safari hii tuliambiwa hakuna haja ya kuvuka, kwani kulikuwa na fomu mtandaoni ambayo mtu angeweza kuijaza akiwa kibarazani kwake.

Tulifurahi, sitaficha. Kwa jioni tatu vijana wenye simu za kisasa walikaa nje ya duka la mtaa wakiwajazia wazee na wale wenye simu za kabambe, na nilipohesabu tulikuwa tumetuma fomu sitini na tatu. Kila fomu ilipokwenda, kioo kilionyesha neno la shukrani kwa Kiingereza, na hapo ndipo mazungumzo yalipoishia. Baada ya miezi kadhaa mpango wenyewe ulitoka ukiwa umekamilika, na ndani yake mna ukurasa unaosema kwamba wananchi walishirikishwa kwa njia ya mtandao, pamoja na idadi ya waliojitokeza. Mtaro wetu, ambao kila masika humwaga maji katika nyumba zilezile, haukutajwa wala kukataliwa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tulikuwepo, tumehesabiwa hata kwenye ripoti yao, lakini letu halipo. Naomba wenye ujuzi wanielimishe kama fomu ya aina hiyo inatosha kisheria kuitwa ushirikishwaji, kama kuna njia ya kuilazimisha ofisi itoe jibu, na kama mwaka huu tuendelee na mambo ya mtandaoni au tuwarudishe wazee kwenye foleni ya kivuko. Wazee wenyewe wananiuliza kila tukitoka msikitini, nami sina la kuwaambia.

---

Wakili wa Tudor alijibu:

Waaleikum salaam, Bwana Katibu. Nitaanza na jambo ambalo huenda usilipende: fomu ya mtandaoni ni njia halali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 91, inazitaja njia za kuwashirikisha wananchi, na majukwaa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ni miongoni mwake, sambamba na mikutano ya hadhara, vikao vya bajeti na mbao za matangazo. Kwa hiyo mtu akienda mahakamani kulalamika kwamba alipewa fomu badala ya kiti ukumbini, hoja hiyo peke yake haitamfikisha mbali.

Hata hivyo, uhalali wa njia hauthibitishi kwamba kazi imefanyika. Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa katika Ibara ya 10, inaudai katika mambo ya fedha za umma kwenye Ibara ya 201, na inalibebesha bunge la kaunti wajibu wa kuuwezesha katika Ibara ya 196. Mwaka 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alieleza kwamba ushirikishwaji unapaswa kuwa wa kweli, si wa kutimiza desturi tu, na akataja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio za lugha za wenyeji kuwa baadhi ya mahali ambapo viongozi wanaweza kuwafikia watu. Namwomba kila anayebuni tovuti ya maoni asome hukumu hiyo kabla hajaamini kwamba kiungo kimoja kimemaliza kazi.

Sasa nije kwenye jibu, ambalo ndilo kiini cha malalamiko yako. Hapa sheria yetu ina pengo, na pengo lenyewe limepimwa hivi karibuni. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 kuwa batili, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba Bunge linapaswa kueleza sababu za kuyakubali au kuyakataa mapendekezo ya wananchi. Tarehe 29 Oktoba mwaka uo huo Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo, na kuhusu hoja hiyo ilisema hakuna sharti la wazi la kisheria linalolitaka Bunge litoe sababu hizo. Mimi binafsi naona Mahakama ya Rufaa ilikuwa imegusa palipo na donda, lakini kauli ya mwisho ni ya Mahakama ya Juu, na sina haki ya kukushauri kana kwamba haikutolewa.

Njia iliyobaki ni kubadilisha jina la kile mnachokipeleka. Mlichotuma kilikuwa "maoni". Kifungu cha 88 cha sheria ile ya kaunti kinampa raia haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa maandishi kuhusu jambo lolote lililo chini ya serikali ya kaunti, na kifungu cha 89 kinazibebesha mamlaka za kaunti wajibu wa kuyajibu maombi hayo bila kuchelewa. Maneno yaleyale ya mtaro wa Timbwani, yakiandikwa kama ombi rasmi lenye majina na saini za wakazi, yanahama kutoka kwenye jambo ambalo ofisi inaweza kulipokea na kunyamaza hadi kwenye jambo ambalo imeamriwa kulijibu.

Pamoja na hilo iko Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoitekeleza Ibara ya 35. Mnaweza kuiandikia ofisi hiyo mkitaka ripoti ya maoni yaliyopokelewa na maelezo ya jinsi yalivyotumika. Wana siku 21 za kutoa uamuzi, wanaruhusiwa kuziongeza mara moja tu kwa siku zisizozidi 14, na wakinyamaza sheria inauchukulia ukimya huo kuwa ni kukataliwa, hivyo mlango wa kwenda kwa Ombudsman, yaani tume inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, kuomba mapitio unakuwa wazi. Hamlazimiki kueleza kwa nini mnaitaka habari hiyo. Na sheria inasema waziwazi kwamba maombi yanaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili.

---

Bi Mkubwa wa Kuze alijibu:

Wanangu, Wakili amesema vyema na nimeyanakili. Ila hapo mwisho amepita mbio kwenye neno ambalo mimi, niliyefundisha Kiswahili maisha yangu yote, siwezi kulipita.

Nyaraka hizi huja kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wahasibu. Nililetewa rasimu moja kwenye simu, faili ya kurasa zaidi ya mia na hamsini, iliyopigwa picha kwa mashine ikiwa imelala upande, hata kuikuza hukuweza. Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kisha huulizwa wakazi wa Mji wa Kale mbona hawatoi maoni!

Katika chama chetu cha akina mama tulifanya hivi. Mimi na mjukuu wangu tuliisoma rasimu, tukachukua mambo yanayohusu wadi yetu tu, nikayaeleza kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp, dakika tatu kila jambo. Wanawake ambao sijawahi kuwasikia wakinena mkutanoni, kwa haya au kwa kuwa waume zao wamekaa safu ya mbele, walijibu kwa sauti zao usiku kucha. Mmoja alieleza namna kinamama wajawazito wanavyopita kwenye kichochoro kisicho na taa kwenda zahanati, maelezo ambayo mhandisi angelipwa kuyaandika. Tulipokwenda kuyatia kwenye fomu, tukakuta fomu ina nafasi ya maandishi mafupi tu na haipokei sauti. Ikabidi mjukuu akae siku mbili akiandika yaliyosemwa, na mengi yalipukutika njiani.

Kwa hiyo, mwanangu Katibu, usiwarudishe wazee kwenye foleni ya kivuko, lakini pia usidhani wasiosoma Kiingereza wameshirikishwa kwa sababu kijana amewajazia. Je, ulihakikisha kile kilichoandikwa ndicho walichosema?

---

Fundi wa Mikindani alijibu:

Shikamoo, Bi Mkubwa. Swali lako la mwisho ndilo nililotaka kumuuliza Katibu, kwa njia nyingine. Kazi yangu ni kuunda mifumo ya kompyuta, na nimewahi kuajiriwa kutengeneza fomu za namna hii, kwa hiyo sehemu ya lawama naibeba.

Wateja wengi hutaka fomu iwe rahisi kuhesabu. "Unaunga mkono mpango huu? Ndiyo au la." Fomu kama hiyo huzalisha asilimia nzuri ya kuweka kwenye ripoti, lakini haina pahala pa kumweleza mtu kwamba mtaro umechimbwa ukielekea mlima. Aliyeunda fomu ameshaamua ni majibu gani yanaweza kuwepo, na hata nafasi ya maoni ya ziada ikiwekwa chini kabisa, mara nyingi hakuna aliyepangiwa kazi ya kuisoma. Hilo si tatizo la kompyuta.

Zipo namna nyingine za kuunda. Huko Taiwan, kuanzia mwaka 2015, walitumia programu iitwayo Polis katika mjadala wa kusimamia huduma ya Uber. Mtu huandika kauli fupi, na wengine huikubali, huikataa au huipita, basi. Hakuna kitufe cha kumjibu mwenzako, kwa hiyo hakuna matusi ya kupandishana, na mfumo huchora makundi ya watu wanaofikiri kwa kufanana na kuonyesha kauli ambazo hata makundi yanayopingana yanazikubali. Sisemi tuilete kama ilivyo, kwani mtu wa Mwakirunge mwenye kabambe hatafaidika nayo. Namba za huduma zinazoanza na nyota na kuishia na alama ya reli, ambazo kila Mkenya huzitumia kwa salio na pesa, zinafanya kazi bila intaneti na zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ajabu ya mji wetu ni kwamba kebo za intaneti kutoka baharini, kama TEAMS iliyofika mwaka 2009, zinaibukia pwani hii hii, ilhali upande wa pili wa maji watu wanahesabu bando kwa shilingi kumi kumi.

Lakini kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu, ningeiacha fomu na kubadilisha kinachofuata baada yake. Kontena likiteremshwa bandarini Kilindini lina namba, na mwenye mali anaweza kuuliza kwa namba hiyo limefika wapi, limekaguliwa lini, linazuiliwa na nani. Kwa nini maoni ya raia yasipewe namba? Ofisi ingechapisha jedwali la wazi ambamo kila namba ina safu inayosema limepokelewa, limepelekwa idara fulani, limekubaliwa, au limekataliwa kwa sababu hii. Kitaalamu ni kazi ya wiki moja. Nimewahi kuipendekeza mara mbili katika kazi zangu, na mara zote mbili kipengele hicho ndicho cha kwanza kuondolewa, nikaambiwa kingeleta "usumbufu".

Wengine watasema vijana walikwisha kupata jukwaa lao mnamo Juni 2024, pale Mswada wa Fedha ulipofafanuliwa kwenye TikTok kwa lugha za nyumbani, na mijadala ya sauti ya X ikakesha. Ni kweli, na hakuna ofisi iliyobuni hayo. Sikuridhishwa hata hivyo na kusambazwa kwa namba binafsi za simu za watu, hata kama ni waheshimiwa. Na hapo nina onyo kwa Katibu pia. Kama fomu yenu ilidai namba ya kitambulisho, ulizeni kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu aeleze anazikusanyia nini, na asichukue zaidi ya anachokihitaji. Ukitoa maoni kuhusu mtaro, sioni namba ya kitambulisho inamsaidia nini mchimba mtaro.

Swali langu, Katibu: hizo fomu sitini na tatu, kila mtu alisema la kwake, au vijana walinakili maneno mamoja?

---

Katibu wa Timbwani aliandika:

Umenibana, Fundi. Jioni ya kwanza kila mzee alisema lake. Jioni ya pili foleni ilikuwa ndefu na bando lilikuwa linakwisha, basi tukaandika aya moja nzuri na kuibandika kwa wote waliokubaliana nayo. Nadhani fomu arobaini hivi zina maneno yaleyale. Tuliona wingi ndio nguvu. Na ndiyo, walidai namba za vitambulisho, tukazitoa bila kuuliza.

---

Karani Mstaafu alijibu:

Nimekuwa nikisoma kimya tangu mwanzo, na sasa naona lazima niseme, kwa sababu nilikaa miaka mingi upande wa pili wa meza hiyo. Sikuwa Mombasa wakati huo na ofisi yangu sitaitaja.

Bwana Katibu, zile fomu arobaini zilihesabiwa kuwa moja. Sisemi ni haki, nasema ndivyo inavyokuwa. Karani hupewa jedwali lenye mamia ya mistari na siku chache za kuandaa muhtasari wa kurasa mbili kwa ajili ya kamati. Anachofanya ni kupanga kwa mada, na maneno yanayofanana hukusanywa kwenye mstari mmoja: "Wakazi wa Likoni waliomba mitaro iboreshwe." Ikisha kuandikwa hivyo, imekufa. Hakuna mjumbe wa kamati anayepinga mitaro iboreshwe, na kwa kuwa hakuna anayepinga, hakuna anayejadili. Nakumbuka maoni ya mama mmoja aliyekuja na karatasi ya daftari akiwa amechora kijia chake, akaandika kalvati iko wapi, imeziba tangu lini, nyumba ngapi zinafurika na maji yanafika wapi ukutani, kisha akataja ukurasa wa rasimu ambao fedha za kazi hiyo zilikuwa zimetengewa mahali pengine. Huwezi kuufupisha waraka wa namna hiyo. Niliupeleka mbele ya kamati kama ulivyo, na wakabishana juu yake kwa nusu saa. Hizi simu zenu zinapiga picha na kuonyesha mahali picha ilipopigwa, kwa hiyo leo mngeweza kufanya alichofanya mama yule bila hata kalamu.

Jambo la pili ni wakati, na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na Wakili. Amekuelekeza kwenye ombi rasmi, na sheria yake ni sahihi, lakini wajibu wa kujibu si wajibu wa kukubali. Mtapata barua ya heshima inayosema jambo lenu litazingatiwa fedha zikipatikana. Fedha hazipatikani kwa sababu mmeziomba zikiwa zimekwisha kugawanywa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kufikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, karibu miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha wenyewe kuanza. Kisha ifikapo tarehe 28 Februari huja waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka ukomo wa kila idara, na huo nao unatakiwa uzingatie maoni ya umma. Makadirio ya bajeti hufika bungeni tarehe 30 Aprili. Watu wetu huamka Mei, makadirio yakishatangazwa, ilhali mradi ambao haukuwemo kwenye mpango wa Septemba ni vigumu mno kuupachika. Kwa hiyo swali la mtandaoni au ukumbini kwangu ni dogo kuliko swali la mwezi gani. Fomu nzuri mno ikifunguliwa Mei ni kazi bure.

Fundi amenifurahisha na kontena lake. Nataka tu ajue kwa nini kipengele chake kiliondolewa. Si kila mara kwamba wakubwa wanaficha. Ofisi huogopa kuandika "limekataliwa" na jina la idara pembeni kwa sababu hakuna afisa aliyepewa mamlaka ya kukataa. Mambo hufifia tu mpaka yanasahaulika, na jedwali la wazi lingelazimisha mtu mmoja atie saini kwenye neno "hapana". Nilipokuwa kazini nami nililiogopa jedwali hilo. Nilidhani tungeshambuliwa. Sasa nikiwa raia wa kawaida nisiye na ofisi, ninayeandika barua zisizojibiwa kama nyinyi, naona tulikuwa tukiwakosea watu kwa kuwaacha wakisubiri kitu ambacho sisi tulijua hakiji.

Ushauri wangu ni kwamba kikundi kianze na barua ya kuomba habari kabla ya ombi rasmi. Takeni muhtasari uliopelekwa kwenye kamati, ule wa kurasa chache, si jedwali lote, kwa sababu jedwali lote watasema lina habari binafsi za watu, na safari hii watakuwa na hoja. Mkiupata mtaona maneno yenu yaligeuzwa kuwa nini, na hapo mtajua pa kushika. Tena kifungu cha 92 cha sheria ile aliyoitaja Wakili kinamtaka gavana apeleke kwenye bunge la kaunti ripoti ya kila mwaka kuhusu ushiriki wa wananchi. Iulizieni nayo kwa mwakilishi wadi wenu. Wawakilishi wengi hupenda kuulizwa swali ambalo wenzao hawajaulizwa.

---

Wakili wa Tudor aliandika:

Nakubali sahihisho la Mzee Karani kuhusu mpangilio: habari kwanza, ombi baadaye. Ninaongeza tu kwamba ombi lisiachwe, maana jibu la heshima lililoandikwa na kutiwa saini ni ushahidi, na ukimya hauna saini.

---

Katibu wa Timbwani aliandika:

Nawashukuru, na Mzee Karani hasa, ingawa habari ya fomu arobaini imeniuma. Jana baada ya Isha niliwasomea wazee majibu yenu yote. Mmoja alicheka akasema alijua tangu siku ile kwamba aya yetu nzuri haikuwa yake, ila hakutaka kuwavunja moyo vijana.

Tumekubaliana mambo haya. Vijana watazunguka na simu kwenye nyumba zinazofurika, wapige picha ya alama ya maji ukutani, na kila mwenye nyumba aeleze kwa sauti yake mwenyewe, kisha Bi Mkubwa akituruhusu tutaiga mpango wake wa kuyaandika yaliyosemwa na kumsomea msemaji kabla ya kuyatuma. Yote yatakuwa tayari kabla ya Septemba, bila namba ya kitambulisho ya mtu yeyote isipokuwa panapotakiwa kisheria. Na barua ya habari nimeiandika usiku huu:

"Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, sisi wakazi wa wadi ya Timbwani tunaomba nakala ya muhtasari wa maoni ya wananchi uliowasilishwa kabla ya kupitishwa kwa mpango wa mitaro na taa, pamoja na maelezo ya uamuzi uliofikiwa kuhusu maoni yaliyotoka katika wadi hii. Tunaomba tujibiwe kwa Kiswahili."

Nitaituma kwa barua pepe kesho asubuhi na kuanza kuhesabu siku 21.

---

Bi Mkubwa wa Kuze aliandika:

Barua imenyooka, mwanangu, sina la kusahihisha. Barua pepe itume, lakini chapisha nakala mbili, uvuke nazo mwenyewe hiyo hiyo kesho. Moja waachie, na ya pili usirudi nayo Likoni kabla haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.